Kwa nini gari la Mwalimu lilivuta kushoto

Likizo iliyopita bumu lilichelewa, na badala ya kukaa hosteli kuhesabu siku nikaenda kushinda kwa mjomba. Ana gereji Tandika, kama utakubali kuiita gereji: mwembe mmoja, turubai, jeki mbili, na sanduku la spana ambalo ole wako urudishe namba 17 mahali pa namba 19. Tangu nikiwa kidato cha pili nakwenda pale kushika tochi na kuosha vyuma. Safari hii, kwa kuwa nimetoka kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo na nimesimama mbele ya darasa la fizikia lenye wanafunzi zaidi ya 80 bila kuzimia, mjomba aliona nimekua. Akanikabidhi breki.

Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen ya kizamani, ile yenye mgongo kama kobe na injini nyuma. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayeishi Mtoni. Mtaa mzima unamwita Mwalimu tu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Kila Jumanne anampeleka mke wake kliniki kwa gari hilo, maana Mama magoti yake hayamruhusu tena kugombania daladala. Jumamosi moja katikati ya Machi aliliingiza pale chini ya mwembe, na kabla halijasimama alikanyaga breki mara mbili. Mjomba hakuangalia gari, aliangalia mguu.

“Mwalimu, unapampu tangu lini?”

“Tangu Krismasi. Ila ikishika inashika.”

Nimeamua kuandika kuhusu breki hizi kwa sababu wengi wetu tunazipanda kila siku bila kujua. Bajaji nyingi zinazotuleta Chang'ombe zina breki za dramu kwenye magurudumu yote matatu. IST na Vitz nyingi zina disiki mbele na dramu nyuma. Bodaboda nyingi, breki ya mguu ni dramu. Na nimeandika pia kwa sababu nilikosea, nusura mtu aungue, na kosa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya maharage. Nitafika huko.

Breki ya disiki unaweza kuichungulia kupitia rimu. Dramu imejificha. Ni kama chungu cha chuma kilicholazwa ubavu, kinazunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya chungu kuna sahani isiyozunguka, na juu ya sahani hiyo vimefungwa vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga. Mafundi wanaviita brekishuu. Ni viatu kweli, maana vina soli, na soli ndiyo inayolika. Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma oili kwenye mabomba membamba, oili inafika kwenye silinda ndogo iliyo ndani ya kila gurudumu, pistoni zake mbili zinatoka huku na huku, viatu vinapanuka mpaka soli ziguse ukuta wa dramu. Ukiachia mguu, springi zinavirudisha nyumbani. Ni hivyo tu.

Sasa kuna jambo ambalo nililisoma kwenye msuguano na momenti lakini sikulielewa mpaka nilipolishika kwa mkono. Viatu viwili havifanyi kazi sawa. Chukua fimbo, uiinamishe mbele yako, utembee ukiisukuma juu ya udongo. Itachimba; kadiri unavyosukuma ndivyo inavyozidi kuzama. Geuza, uiburute nyuma yako. Inateleza tu. Ndani ya dramu mambo ni hayo hayo. Kiatu kimoja kimekaa upande ambao mzunguko wa dramu unakivuta kizidi kujibana ukutani. Hiki ndicho kinachochimba. Kingine mzunguko unakisukuma kiachie, hiki kinateleza. Kile kinachochimba kinafanya sehemu kubwa ya kazi, na ndiyo maana gari la zamani liliweza kusimamishwa kwa nguvu ya mguu mtupu, bila kisaidizi chochote kwenye injini. Ukirudi rivasi, wanabadilishana zamu.

Uzuri huo una gharama yake. Kwa kuwa kiatu kinachochimba kinazidisha msuguano, kinazidisha pia upungufu wa msuguano. Soli ikilowa maji kidogo, au ikipata mafuta kidogo, breki haipungui kidogo. Inapungua sana. Kama umewahi kuwa ndani ya bajaji iliyotoka kuvuka dimbwi la masika, ukamwona dereva anakanyaga breki polepole huku anatembea, hajachanganyikiwa: anaikausha. Na dramu nne za gari hazilowi sawa wala hazikauki sawa.

Joto ni adui wa pili. Dramu ikipata moto inatanuka, yaani ukuta unasogea mbali na soli, na pedali inashuka. Soli nayo ikizidi moto inapoteza ushikaji. Kwa hiyo kwenye mteremko mrefu dereva anayetegemea breki peke yake anajikuta anakanyaga chini zaidi na kupata kidogo zaidi. Malori na mabasi mengi yana dramu, na ndiyo maana ukishuka Kitonga au Sekenke dereva mwenye akili utamsikia anaingiza gia ndogo tangu juu kabisa, kabla mteremko haujamlazimisha.

Mwalimu hapendi kusikia gari lake likiitwa la kizamani. Atakukumbusha kwamba mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari Rally kwa Volkswagen kama hiyo, ikiwa na dramu magurudumu yote manne. Mashindano yale yalianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za vumbi na tope. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, msomaji wake wa ramani akiwa Chris Rothwell. Hata Datsun 240Z, ambalo ni gari la michezo hasa, refu la pua na fupi la mkia, lilishinda 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann na 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, likiwa na disiki mbele na dramu nyuma. Mwalimu anayasimulia haya kana kwamba alikuwa amekaa kiti cha pembeni. Mjomba anamwachia amalize, halafu anasema, “Sawa Mwalimu, lakini wale walikuwa wanakaza breki zao.”

Tukaanza kwa mguu. Mjomba alinikalisha kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, akaniambia nikanyage na nieleze ninachohisi. Pedali ikizama mbali mara ya kwanza, halafu ukikanyaga haraka mara ya pili ikasimama juu na kuwa ngumu, soli ziko mbali na dramu: viatu vinatakiwa kukazwa. Ikiwa laini kama godoro hata baada ya kupampu, kuna upepo kwenye oili. Ukiikanyaga na kuishikilia ikawa inazama taratibu chini ya mguu wako, kuna mahali panavuja, ama ndani ya masta silinda ama kwenye gurudumu, na hapo gari halitoki. Ya Mwalimu ilikuwa ile ya kwanza. Nasisitiza kwa sababu nimeona mafundi wakikutana na pedali ya chini wanakimbilia kutoa upepo, wanamwaga chupa nzima ya oili, na pedali inabaki pale pale. Viatu kwanza, upepo baadaye. Viatu vikiwa mbali, pistoni zina safari ndefu, na hakuna oili utakayobadilisha ikafupisha safari hiyo.

Ingekuwa kukaza tu tungemaliza kabla ya adhuhuri. Lakini mjomba alisema gari halijafunguliwa miaka, tufungue tuone. Tukaweka kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini, tukainua, tukaweka magogo chini ya gari. Jeki si rafiki yako. Jeki inakuinulia tu, anayekushikilia ni gogo.

Za nyuma ndizo zilizonitoa jasho. Dramu ya nyuma ya Volkswagen hii imefungwa kwa nati moja kubwa ya milimita 36 katikati ya ekseli, na nati hiyo inatakiwa kukazwa kwa karibu nyutoni mita 300. Hatuna spana ya kupimia. Mjomba akachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana, akaweka alama nusu mita kutoka kwenye nati, akaniuliza, “Una kilo ngapi?” Nikasema 60. “Basi simama hapo.” Piga hesabu mwenyewe: 60 mara 9.8 mara nusu mita ni 294. Nilisimama pale juu ya bomba nikiwa nimeshika paa la gari, nikajiambia mfano huu nitakwenda nao darasani. Tundu la splitipini lisipolingana, unakaza mbele kidogo mpaka lilingane. Hurudishi nyuma kamwe.

Za mbele zina hila yake. Nati ya upande wa kushoto ina uzi wa kinyume, kwa hiyo ukiizungusha kama ulivyozoea unazidi kuikaza huku unailaani. Na kama dramu inagoma kutoka, usiichukulie nyundo. Soli zikila ukuta wa dramu kwa miaka zinaacha ukingo mdomoni, viatu vinanasa kwenye ukingo huo. Legeza ajasta kwanza, viatu virudi ndani, itatoka yenyewe.

Ndani kulikuwa na vumbi jeusi laini kama unga. Hapa naomba unisikilize. Soli nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki; linaleta maradhi baada ya miaka mingi. Fundi anayelipuliza kwa mdomo au kwa pampu ya upepo anajipulizia yeye, na anampulizia mama anayeuza chakula pembeni. Mjomba analimwagia maji ya sabuni, analifuta likiwa bichi, kitambaa anakitia kwenye mfuko na kutupa. Hajasoma kokote; anasema mwalimu wake wa ufundi alikuwa akikohoa.

Soli za Mwalimu zilikuwa zimefika karibu na vichwa vya ripiti. Zikizidi hapo ni chuma kwa chuma, ile sauti ya kusaga unayoisikia kwenye bajaji ikikaribia kituo (ukiisikia, shuka, hata kama umelipa). Tukaziondoa zote nane. Kabla hujang'oa chochote piga picha kwa simu, au fungua gurudumu moja tu kwa wakati, uache la pili likiwa zima kama kitabu cha majibu. Springi mbili zinafanana lakini hazifanani, na ile iliyowekwa juu badala ya chini itakutesa siku nzima. Mahali ambapo kingo za viatu zinasuguana na sahani tulipaka grisi kidogo sana, kama unavyopaka mafuta ya midomo. Silinda ndogo tulizichungulia kwa kuinua ukingo wa mpira: zikiwa kavu, sawa, zikiwa na unyevu, zinavuja. Zilikuwa kavu. Ukuta wa dramu tuliupitisha kidole kutafuta mifereji. Ingekuwa ya kina tungezipeleka kuchongwa kwenye mashine.

Kukaza ndiyo sehemu ninayoipenda. Kila gurudumu la Volkswagen hii lina ajasta mbili, moja kwa kila kiatu, na kila ajasta ina kigurudumu kidogo cha meno. Nyuma ya sahani kuna matundu yenye vizibo vya mpira. Unaingiza bisibisi bapa, unasukuma jino moja moja, *tik, tik*. Kwenye magurudumu ya nyuma kwanza unalegeza waya za handibreki kabisa, maana waya ukiwa umevuta, viatu vinadanganya. Halafu unazungusha gurudumu kwa mkono huku unakaza kiatu kimoja mpaka kiguse, usikie *shhh* inayoendelea. Hapo unamwambia mtu akanyage pedali kwa nguvu na kuachia. Kwa nini? Kwa sababu kiatu kipya hakijajua kitakaa wapi. Ukikanyaga kinajisogeza katikati ya dramu. Zungusha tena na utashangaa: ile *shhh* imepotea. Kaza tena. Kanyaga tena. Ukiona sauti haipotei baada ya kukanyaga, rudisha meno matatu au manne mpaka gurudumu lizunguke huru. Nenda kwenye kiatu cha pili, ambacho ajasta yake inazunguka kinyume, na urudie yote. Kisha gurudumu linalofuata. Handibreki inakazwa mwisho kabisa, ili ukiivuta mpaka mlio wa nne magurudumu ya nyuma yawe yamefungwa.

Ni kazi ya sikio. Ukikaza kupita kiasi, soli zinasugua muda wote, dramu inapata moto, gari linakula mafuta, na ukishika rimu baada ya safari fupi unaungua. Ukiacha wazi, unarudi kwenye kupampu.

Bajaji na bodaboda wanafanya hivi hivi kwa njia yao. Dereva wa bodaboda anazungusha nati moja mwishoni mwa fimbo ya breki, dakika mbili. Dereva wa bajaji anapaswa kuinua kila gurudumu, na muda huo ni tripu mbili tatu zimepita na jioni tajiri anataka hesabu yake kamili. Kaka mmoja anayepaki pale karibu na gereji aliniambia anajua kabisa yake imeshuka. “Nitakaza Jumapili,” akasema. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Sasa kosa langu.

Kwenye gari hili beringi za mbele zinakaa ndani ya dramu yenyewe, kwa hiyo kila ukiivua unaosha beringi na kuzijaza grisi mpya. Nilijaza vizuri. Nilijaza vizuri mno. Wakati nasukuma dramu ya mbele kulia irudi mahali pake, donge la grisi likachomoka na kutua juu ya soli mpya ya kiatu cha mbele, kile kinachochimba. Mjomba alikuwa amekwenda kununua oili ya breki. Nikalifuta kwa kitambaa. Soli ikaonekana safi. Nikajua mjomba angesema nini, nikaangalia saa, nikasukuma dramu ikafunika. Ndiyo tabia ya dramu, ukishafunga hakuna anayeona.

Mjomba aliporudi tukabadilisha oili tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Oili ya breki inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Dar mnaijua. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ichemke si chini ya nyuzi 205. Ikishanywa maji kiwango kinashuka mpaka 140, na oili ikichemka inakuwa mvuke, na mvuke unabanwa kama godoro. Tukamaliza. Pedali ikasimama juu kabisa. Mwalimu akafurahi mpaka akataka tujaribu hapo hapo, mimi nikae pembeni kama fundi.

Breki ya kwanza safi. Ya pili safi. Tuliteremka kuelekea Mtoni, breki mbili tatu zaidi, na bila shaka dramu zikaanza kupata moto. Grisi iliyokuwa imenyweka ndani ya soli ikapanda juu. Mbele yetu bodaboda ikasimama ghafla kushusha abiria. Mwalimu akakanyaga. Usukani ukamponyoka, gari likajitupa kushoto, likatoka barabarani na kusimama likiwa limepanda benchi la mama mmoja anayekaanga mihogo. Benchi lilivunjika mguu. Karai la mafuta ya moto liliyumba juu ya mafiga, likatulia. Alikuwa na mtoto mgongoni.

Mama yule alitutazama muda mrefu, halafu akamwambia Mwalimu, “Mzee, na mvi zote hizo unakunywa saa hizi?”

Mwalimu hajawahi kuonja pombe maishani. Akashuka, akasema, “Nisamehe mwanangu.” Hakunielekezea hata kidole.

Nilikuwa nimeshajua. Gari likivuta upande mmoja ukikanyaga breki, kitu cha kwanza kushuku ni upande wa pili. Upande unaovutwa ndio unaoshika. Ule mwingine haushiki. Lilivuta kushoto, basi ugonjwa ulikuwa kulia, mbele, chini ya kitambaa changu. Tulirudi Tandika kwa gia ya kwanza na handibreki. Njiani Mwalimu akaniuliza, “Kuna kitu unakijua, mwalimu mwenzangu?” Nikamwambia ndiyo. Akasema, “Kamwambie mjomba wako mwenyewe.”

Nilimwambia. Mjomba hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alivua ile dramu, akanipa kiatu, akaniambia nikinuse. Kilinuka kama sufuria iliyoungua. Kuna mafundi wanaochoma soli ya namna hiyo kwa moto au kuikwangua kwa msasa kisha wanairudisha. Inaonekana nzuri siku ya kwanza. Ila soli ina vitundu kama mkate, ilichokunywa inakitunza ndani, na ikipata joto inakitema tena. Kwa hiyo ni kununua mpya, na si za kulia peke yake: breki zinabadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, la sivyo soli mpya na soli iliyotumika zitashika tofauti na gari litavuta tena, safari hii kwa sababu nyingine. Dramu yenyewe niliisugua kwa maji ya moto na sabuni, kisha spiriti, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe.

Soli nilizilipia mimi. Bumu lilipotoka, fungu lake la kwanza halikwenda kwenye fotokopi. Jumatatu nilikwenda na misumari na kipande cha mbao kurekebisha benchi la mama wa mihogo, nikamweleza kwamba mzee hakunywa, kosa ni langu. Akaniambia nisimame pembeni, namzuia wateja. Baadaye akanipimia muhogo wa mia tano na pilipili nyingi kuliko nilivyoomba.

Jumanne Mwalimu hakutumia gari. Alimkodia Mama bajaji, na nilipoiona inapita, kitu cha kwanza nilichofanya ni kusikiliza breki zake.

Soli mpya hazikai sawa siku moja. Zinahitaji siku kadhaa za breki za kawaida, si za kushtukiza, mpaka zifuate umbo la dramu, na zikishafuata zinakuwa zimelika kidogo na pedali inashuka tena kidogo. Hapo ndipo watu wanadhani fundi aliwaibia. Kwa hiyo Jumamosi ya pili baadaye Mwalimu alirudi chini ya mwembe, Mama akiwa kiti cha pembeni na kitenge chake cha kliniki, kwa sababu walikuwa njiani kwenda kwenye arusi Mbagala. Mjomba alikuwa anakunywa chai. Akanitupia bisibisi.

Nililala chini, gurudumu la mbele kulia likiwa hewani, nikaling'oa lile ziba la mpira. *Tik.* Nikalizungusha. Hakuna sauti. *Tik.* Likaanza kusema *shhh*.

“Kanyaga Mwalimu.”

“Nimekanyaga.”

“Achia.”

Nikazungusha tena. Sauti imepotea. Nikaingiza bisibisi tena.